Chupa za Mwalimu Maurice kwenye Friza ya Orpah

Mtu wa Sindo akiwa na kitu cha kuwekwa kwenye baridi, alimpelekea Orpah, waliyemwita Mama Joyline. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa Kisii, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiuza samaki na barafu karibu na ufuo wa ziwa. Friza kubwa ilikuwa ya samaki wake, mbuta na ngege. Ndogo aliwagawia majirani: maziwa ya huyu, keki ya harusi ya yule. Hakuwahi kusita kumpokelea mtu mzigo, mpaka siku Mwalimu Maurice alipoingia na katoni.

Maurice alikuwa amestaafu kufundisha hisabati. Mkewe, Leonida, alifariki mwaka uliotangulia, na yeye mwenyewe alikuwa ametoka kulazwa kwa sababu ya mapafu. Daktari alimwambia aache sigara. Alizianza akiwa chuo cha ualimu.

"Ni nini hii, Mwalimu?"

"Juisi."

Orpah alifungua. Ndani mlikuwa na chupa ndogo ishirini na nne za kioo cheusi, kila moja imeandikwa tarehe kwa kalamu nene.

"Juisi gani inachorwa fuvu la mtu?"

Mwalimu akakiri. Yalikuwa maji ya vepu, ile sigara ya umeme. Binti yake Valary, muuguzi huko Uingereza, alimletea alipokuja likizo, akampangia jinsi ya kushuka: aanze na zenye nikotini nyingi, aende zenye kidogo, amalizie na zisizo nayo kabisa. Valary hangerudi kwa miaka miwili, na maji hayo yakikaa muda mrefu kwenye joto na mwanga hugeuka rangi na kupoteza nguvu. Kwenye baridi na giza yangedumu.

"Mimi ni Msabato, Mwalimu. Nitaweka vipi tumbaku karibu na chakula cha watu?"

"Sikuombi unisaidie kuvuta, Mama. Naomba unisaidie kuacha."

Orpah alimwambia arudi Jumapili. Sabato nzima alimwaza marehemu mumewe, Bichage, aliyekuwa akificha pakiti zake kwenye banda la mbuzi na kurudi ndani akitafuna majani ya mpera. Yeye alijua, akanyamaza kwa hasira. Bichage naye hakuomba msaada hata siku moja, hadi kifua kilipomshinda.

Jumapili Maurice alikuta sanduku la bati lenye kufuli. Chupa zilifungwa kwenye karatasi ya nailoni, zikawekwa sandukuni, na sanduku likashushwa chini kabisa ya friza ndogo.

"Ufunguo unabaki na mimi," Orpah akasema. "Na hilo neno juisi usilitaje hapa tena. Watoto wananunua barafu za rangi kwangu. Mmoja akionja hii, tutamzika."

"Sitalitaja."

Kila baada ya wiki mbili au tatu Maurice alikuja Jumatano kuchukua chupa moja. Ilitoka ikiwa nzito kama asali, na Valary alikuwa ameandika kwamba isifunguliwe ikiwa baridi, la sivyo unyevu wa hewa ungeingia ndani. Iachwe nusu saa, kisha itikiswe. Maurice angeweza kwenda nayo nyumbani ikiwa imefungwa, ikapate joto mezani kwake. Wote wawili walijua hivyo. Orpah alivuta benchi, akamimina chai, wakaizunguka ile chupa kama watu wanaongoja mgeni aamke.

Siku moja Maurice alisema jikoni kwake hapajawashwa moto tangu mazishi. Alikuwa anaishi kwa mkate. Alipokuja tena Jumatano, kulikuwa na sahani ya ngege pembeni ya chai, na Maurice akala mpaka mifupa.

Mvua za Aprili zilipokuja, transfoma ililipuka, na Sindo ikakaa siku nne bila stima. Asubuhi ya pili Maurice alifika na pikipiki iliyobeba magunia ya barafu kutoka Homa Bay. Orpah alikimbilia friza ndogo.

"Chupa zako, Mwalimu! Zimeanza kupata joto!"

"Achana nazo. Hata mwezi kabatini haziharibiki. Samaki wako ndio hawawezi kungoja."

Walipanga mbuta na barafu, tabaka juu ya tabaka, mpaka vidole vya Maurice vikafa ganzi na kikohozi kikamshika. Orpah alimkalisha kwenye kreti, akavua leso yake, akamfunika mabegani. Ndipo alipogundua kwamba tangu asubuhi mtu huyu hakuwa ametoa vepu mfukoni.

Kufikia mwisho wa Agosti Maurice alikuwa hajaonekana kwa wiki tano. Orpah alifunga duka mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda kwake. Alimkuta shambani, anapalilia mihogo, shati limelowa jasho.

"Nilidhani unaumwa!"

"Nimeacha, Mama Joyline. Wiki ya sita hii. Sasa nikaona nitakuja kwako na sababu gani?"

Orpah akashika kiuno.

"Wewe mtu umesoma hivyo, na hujui kuja bila sababu?"

Maurice akacheka mpaka akaegemea jembe, na safari hii hakukohoa.

Zilikuwa zimebaki chupa saba. Walizipeleka pamoja kwa mfamasia wa hospitali, akazipokea ili ziharibiwe kwa usalama. Jioni hiyo, dukani, Maurice alimpigia Valary simu kumweleza. Aliongea kidogo kwa Dholuo, lugha ya kwao, kisha akamgeukia Orpah.

"Kuna mtu nataka msalimiane," akasema kwenye simu.

Orpah alijifuta magamba ya samaki mikononi, akanyoosha kitambaa cha kichwa ingawa Valary hakumwona, kisha akaipokea simu.