Vichupa vya Shangazi Osmunda

Nesi akinipangusa mkono kwa pamba yenye spiriti kabla ya sindano, hunitazama usoni na kuniambia nisiogope. Siogopi sindano, jamani. Kinachonikunja uso ni ile harufu. Nikiinusa tu, nina miaka kumi tena, nimekaa sebuleni kwa Shangazi Osmunda pale Ifakara, na mezani kumejipanga vichupa vya buibui waliokufa.

Shangazi alikuwa dada wa baba yangu na mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi. Wazazi wangu walifanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule Kidatu, wakaona heri nikasome chini ya jicho la mwalimu. Nia yao ilikuwa njema. Hawakuniuliza kama niko tayari kuishi na mtu ambaye jongoo akiingia ndani, humtafutia kichupa badala ya ufagio.

Jumamosi, wenzangu walisukwa nywele. Mimi nilibeba mfuko wa Shangazi. Alikuwa akitandaza shuka jeupe chini ya kichaka, anashika fimbo na kukitandika mpaka vyote vilivyojificha humo vinaanguka: buibui, viwavi, kunguni wa mimea, na siafu wenye hasira zao. Kisha alipiga magoti, akaweka mdomoni mrija alioutoa kwenye chupa ya dripu, na kuwavuta wale wadogo kwa pumzi, mmoja mmoja. Katikati ya mrija alikuwa ameziba kwa kitambaa chepesi ili wasimfikie kooni, lakini nani angeliona hilo kwa mbali? Kijiji kizima cha Kiberege, tulikozoea kwenda kuwinda, kiliamini mwalimu anakula buibui.

"Shikamoo, mwalimu," kijana mmoja aliyekuwa akitoka kwenye majaruba ya mpunga alimsalimia siku moja. "Watoto wamekwisha, sasa unachapa vichaka?"

"Marahaba. Hiki kimechelewa namba," Shangazi alijibu bila kuinua kichwa.

Yule kijana alicheka mpaka akaweka jembe chini. Mimi nilitazama pembeni nikiomba asiwe na mdogo wake anayesoma darasa letu.

Kilichonichosha zaidi kilikuwa maswali. Ukimpelekea Shangazi mdudu, hakushukuru kwanza. Umemkuta wapi? Juu ya jani au chini yake? Jani la nini? Palikuwa na maji? Siku moja nilimwambia kuna nzi kwenye mchuzi wangu, naye akaniuliza ni nzi wa aina gani. Nilimtoa nzi wangu kwa kijiko nikaendelea kula, nikimkasirikia mimi peke yangu, maana yeye hakuona kosa lolote katika swali lake.

Majibu ya maswali hayo aliyaandika kwenye kikaratasi kidogo kuliko ukucha wa dole gumba, kwa penseli, akakitumbukiza ndani ya kichupa pamoja na buibui na spiriti. Mahali, tarehe, mmea. Maandishi yenyewe yalikuwa hafifu na yamelala upande. Mwalimu yule yule aliyenifutisha ukurasa mzima kwa sababu ya herufi moja iliyotoka nje ya mstari!

Basi, mwaka ule, baada ya wikiendi moja tuliyozunguka sehemu tatu, yaani mifereji ya mpunga ya Kiberege, matete ya mtoni karibu na daraja, na ukingo wa msitu mlimani, Shangazi alikuwa akiwapitia buibui wake kwa lenzi. Nikamsikia ananyamaza. Alikuwa mtu wa kujisemea, kwa hiyo kimya chake kilinifanya nigeuke. Aliniita nitazame. Kwenye kichupa kulikuwa na dume la buibui dogo kuliko punje ya mchele, rangi ya kahawia kama wenzake wote, lakini katikati ya macho lilikuwa na kipembe. Alipekua vitabu vyake vyote, hakuliona. Akampiga picha, akaituma kwa mtaalamu mmoja wa buibui aliyekuwa akiandikiana naye. Jibu lilirudi baada ya siku mbili: hata yeye hamjui, huenda hana jina la kisayansi bado, amtumie buibui mwenyewe haraka, pamoja na mahali alipopatikana.

Sikuwahi kumwona Shangazi vile. Alikwenda kanisani Jumapili akiimba kwa sauti mpaka watu wa mbele wakageuka. Miaka yote ile ya kuchekwa, na sasa mdudu asiye na jina alikuwa mezani kwake.

Kabla hajamtuma, aliitwa Morogoro kusahihisha mitihani kwa wiki mbili. Nikabaki na jirani, na nikabaki na wazo.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeingia darasa la nne, na shuleni kwetu darasa la nne ndipo ulipoachana na penseli na kuanza kuandika kwa kalamu ya wino. Mliopita shule zetu mnajua ukubwa wa jambo hilo. Mwenye penseli alikuwa mtoto, mwenye kalamu alikuwa mtu. Nikawaza: Shangazi anataka kumpelekea mtaalamu vikaratasi vya kitoto namna hii? Nikavitoa vyote kwa kibano chake, nikakata vipya, nikavinakili kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wangu bora, kila herufi juu ya mstari. Vya zamani nikavitupa kwenye jiko la mkaa. Nilijisifu, kusema kweli.

Mnaofanya kazi hii ya kuhifadhi wadudu mmeshashika kichwa. Wino wa kalamu haukai ndani ya spiriti. Shangazi aliporudi, alikuta vichupa vyenye maji ya bluu hafifu, na ndani ya kila kimoja kikaratasi cheupe kabisa.

Hakunichapa. Ningependelea anichape. Alikaa na daftari lake usiku kucha na kesho yake, akiwatambua wale aliowakumbuka kwa sura. Karibu wote waliokoka. Lakini kwa zile sehemu tatu, daftari lilisema kitu kile kile mara tatu: buibui wadogo wa kahawia. Kipembe kisichoonekana bila lenzi alikiona nyumbani. Mahali palikuwa kwenye kikaratasi tu, na kati ya vichupa vingi vya wikiendi ile hakukumbuka kilisema wapi.

Niliona uso wake, na nikashindwa kuuvumilia.

"Shangazi, mimi nakumbuka," nikasema. "Alitoka kwenye matete. Karibu na daraja."

Akainua macho. "Una uhakika, Skola?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Ulimwona wewe mwenyewe?"

"Nilimwona."

Akachukua penseli na kikaratasi kipya. Mkono ukasimama hewani juu ya karatasi. Ulisimama muda mrefu sana, mpaka nikasikia maji yakichemka jikoni na kumwagikia mkaa. Nikajua anachagua adhabu yangu. Kisha akaandika: *Mahali hapajulikani.* Akafunga kichupa, akaniambia nikaipue sufuria.

Nilikasirika nusu ya kulia. Nimekupa jibu! Mtu gani huyu anayeuliza maswali mchana kutwa, na akijibiwa hataki? Mtaalamu aliandika kwamba bila mahali, hawezi kumpa buibui yule jina. Tulirudi sehemu zote tatu kwa misimu miwili, tukatandika vichaka mpaka fimbo zikavunjika, hatukumpata mwingine. Ule ukingo wa msitu baadaye ulifyekwa. Shangazi hakuwahi kunilaumu, na hilo nalo liliniudhi.

Leo kazi yangu ni hiyo hiyo ya kukusanya buibui, na mimi ndiye ninayeulizwa kama nakula wadudu. Mwaka jana huko Masagati nilirudi kambini na buibui mzuri kuliko wote niliowahi kuwashika, nikagundua sikuandika nilipomtoa. Kijana niliyekuwa naye akaniambia kwa sauti ya kunihurumia, "Dada, si ilikuwa pale kwenye mianzi? Mimi nakumbuka." Nilijua hakumbuki. Nikashika penseli, na mkono wangu ukagoma kushuka, kwa sababu nilitaka kumwamini. Nilitaka kwa moyo wangu wote.

Hapo ndipo nilipomwelewa Shangazi na ule mkono wake uliosimama hewani. Hakuwa akichagua adhabu yangu. Alijua tangu neno la kwanza kwamba nadanganya, na muda wote ule alikuwa anajizuia asinikubalie.