Kuku wa Mama Risper Walinona

Mwanangu, kuna Jumamosi moja pale soko la Otonglo, Kisumu, ambayo kichwa changu kinakataa kuisahau. Nilikuwa bado mgeni katika ndoa, mtoto mmoja mgongoni, Adhiambo, na wa pili tumboni. Nilisimama mbele ya duka la Bwana Ogola. Huku chini akina mama wamekaa na magunia yao: omena kavu, maharagwe, karanga, majani ya kunde. Huku juu, kwenye kaunta, mikate myeupe imefungwa kwa karatasi inayong'aa.

Niliinama kwenye omena kwanza. Hilo nataka ulijue. Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya gunia, maana mimi ni mtu wa Asembo, nimekua nikila samaki hao wadogo, na hakuna aliyekuwa amenifundisha kuwaonea haya. Ndipo nikasikia sauti ya jirani yangu, Mama Risper.

"Ala! Mama Adhiambo, umeanza kufuga kuku, ama hiyo ni ya mtoto?"

Wanawake wakacheka. Siku hizo mjini omena ilikuwa chakula cha kuku, na cha watu ambao hawana kitu. Nikatoa mkono.

"Ni ya kuku," nikasema. Sikuwa na kuku hata mmoja.

Nikaingia dukani. Bwana Ogola akanishushia mkate, siagi ya kopo na sukari. "Hiki ndicho chakula cha mtoto wa mjini, mama," akaniambia. "Mpe na chai, atakua mwenyewe." Nilimwamini. Lakini nyuma ya duka lake, mwanangu, kila adhuhuri ulisikia harufu ya samaki mbuta akikaangwa kwa ajili ya watoto wake. Pua yangu ilisikia. Akili haikusikia.

Na mume wangu, Owino, naye simwachi. Alikuwa mtunza bustani kwa afisa mmoja kule Milimani. Kila jioni aliniambia watoto wa bwana mkubwa wanakula mkate na jamu verandani, na mashavu yao yamejaa. Yeye alikuwa nje na jembe. Mayai, nyama na maziwa waliyokula ndani mezani, hakuyaona. Basi tukamlea mtoto wetu kwa kile kilichoonekana kutoka kwenye maua.

Adhiambo nilikuwa nimemwachisha ziwa kwa sababu ya mimba. Asubuhi mkate na chai ya strungi, isiyo na maziwa. Mchana hivyo hivyo. Jioni ugali mweupe na mchuzi wa maji maji. Mama mkwe alikuwa akituma omena na unga wa wimbi kutoka kwake Luanda Kotieno, kando ya ziwa, na mfuko ukifika, nilimpelekea Mama Risper awamwagie kuku wake. Nilikuwa nimesema ni ya kuku. Uongo ukishautoa mbele ya watu, unaanza kuutunza.

Halafu mtoto akaanza kunona. Ndivyo tulivyosema sote. Miguu ikajaa, uso ukajaa. Nywele zikaacha weusi, zikawa laini na nyekundu nyekundu. "Huyu sasa ni mzungu kabisa!" Mama Risper akapiga makofi, na mimi nikacheka kwa furaha, nikazipaka nywele hizo mafuta. Alikuwa hachezi tena. Ukimweka mahali, unamkuta hapo hapo. Nikasema mtoto wangu ana adabu.

Mama mkwe alikuja bila kutuma habari. Hakuketi hata. Alimtazama mtoto, kisha akanitazama mimi.

"Nyar Asembo," akasema, yaani binti wa Asembo, maana aliniita kwa jina la kwetu kama wakwe wanavyofanya, "huyu anakula nini?"

"Anakula vizuri, Mama. Mkate."

"Na omena yangu?"

Jogoo wa Mama Risper alikuwa akipita mlangoni, mnene, anang'aa. Mama mkwe akamtazama jogoo. Alishika mguu wa Adhiambo, akabonyeza kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo likabaki. Tulilitazama shimo lile, yeye na mimi, tukingoja nyama irudi, na haikurudi.

"Haya si mafuta," akasema. "Ni maji. Beba mtoto twende."

Hospitalini nesi aliuliza anakula nini. Nikasema mkate. Na nini? Chai. Na nini? Ugali mweupe. Akaandika, akaniambia mwili wa mtoto ulikosa chakula cha kuujenga, na tumechelewa. Siku ya tatu Adhiambo akafa. Alikuwa hajafika miaka miwili.

Tulimzika Luanda Kotieno. Kutoka kaburini unaona ufuo wote umeanikwa omena, nyeupe mpaka mwisho wa macho. Mama Risper alileta kuku wa kupikia waombolezaji. Kuku huyo alikuwa na mafuta mengi. Nikasukuma sahani yangu kando.

Mama mkwe hakunitukana hata siku ile. Alisema mara moja tu, tukiwa tunaosha sufuria: "Ulimnyima mtoto chakula kwa kuogopa kicheko." Ameshakufa, na maneno hayo bado nayaosha.

Nimewataja Ogola, Owino na Mama Risper, na sitawafuta. Lakini mkono uliotoka kwenye gunia ulikuwa wangu. Wa pili alizaliwa, akaishi. Nilimlisha omena mpaka akaichukia. Usidhani hilo lilinirudishia kitu.

Sasa nyinyi mnaingia maduka makubwa ya Kisumu, mnachukua kikapu, mnachagua wenyewe. Mimi nilisoma darasa la tatu tu, siwezi kukufundisha maandishi ya kopo. Nakuambia hili: chakula cha mtoto usikichague kwa macho ya jirani, wala kwa karatasi inayong'aa, wala kwa ulichokiona kwenye veranda ya mtu. Mkate na chai vinajaza tumbo tu. Ongeza samaki, maharagwe, karanga, maziwa, mboga za majani, hata kama vimewekwa chini mavumbini. Wakikucheka, jibu kwa sauti: "Ni ya mtoto wangu." Maneno manne. Mimi yalinishinda.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe watoto, na siku utakayoshika mguu wa mmoja wao ukaubonyeza, nyama irudi.