Mwalimu Aliyeleta Mashine ya Moyo Tshangalele

Wiki iliyopita tulimzika mama mmoja, mwalimu mstaafu wa michezo, ambaye wengi hapa Likasi walimfahamu kwa sauti yake nzito na ukali wake uwanjani. Ugonjwa ulikuwa umemsumbua kwa muda mrefu, na alifariki nyumbani, watoto wake wakiwa kando yake. Nimekaa kuandika habari zake nikiwa na majonzi, lakini kinachonijaa zaidi ni fahari.

Tulifahamiana katika kijiji cha wavuvi kando ya ziwa Tshangalele, alikofundisha timu ya wasichana baada ya kustaafu. Siku tuliyokutana, wasichana wake walicheza mpira na wageni kutoka Kambove. Kipindi cha pili, beki wake mmoja alianguka bila kuguswa na mtu. Mwalimu alipiga magoti, akamkandamiza kifua kwa muda mrefu, lakini msichana hakuzinduka. Vilio vilipoanza, baadhi ya watu walimzingira golikipa wa Kambove wakidai kwamba amemroga. Mwalimu, uso umemlowa machozi, akaenda kusimama mbele ya golikipa, akatandaza mikono. "Mumuache! Hakuna bulozi hapa. Moyo njo ilisimama, na shiye hatukukuwa na kitu ya kuiamusha." Wakamwacha.

Kuanzia hapo hakutulia. Alikuwa amejua kwamba ipo mashine ndogo ya kuushtua moyo uliovurugika ili uanze tena kupiga sawasawa, na kwamba hata asiye daktari anaweza kuitumia. Akazunguka makanisani na madukani kuomba mchango. Nilikuwepo mfanyabiashara mmoja alipomwambia, "Mama, batu banakufa na malaria, weye unatafuta mashini ya moyo?" Akamjibu bila kukasirika: "Yote mbili inaua, papa. Ya malaria, dawa iko. Ya moyo, tuko na nini?" Mfanyabiashara akacheka, kisha akatoa.

Mashine ilipofika, ilikuwa inatoa maelekezo kwa Kifaransa, na wanawake wanaouza samaki karibu na uwanja hawakukielewa vizuri. Mwalimu akawakusanya, akawafasiria kila agizo, akawafanyisha mazoezi hadi wakayajua kama nyimbo za kanisani.

Mwaka jana mwamuzi kutoka Kambove alianguka kwenye uwanja uleule. Mwalimu alikuwa hospitalini Likasi, hawezi hata kuinuka. Muuza samaki mmoja aliacha beseni lake, akakimbilia mashine, wenzake wakikandamiza kifua kwa zamu. Baadaye akampigia mwalimu kupitia simu yangu, maana nilikuwa nimeketi kando ya kitanda chake.

"Mama, arbitre anapumua!"

"Nani alifinya bouton ya mashini?"

"Ni minye, mama."

"Basi weye njo mwalimu sasa."

Akanirudishia simu, akageukia ukutani, akalia kimyakimya.

Mwamuzi yule alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Makaburini alisema maneno machache tu: "Uyu mama hakukuwa ananijua. Lakini alinifikiria mbele ya kuonana."

Tumezoea kuwasifu wakubwa kwa majengo yenye majina yao. Mwalimu huyu ametuachia wanawake wanaojua la kufanya mtu anapoanguka, na kijiji ambacho siku mwamuzi alipoanguka hakikumtafuta mchawi. Sasa klabu ya Kambove inachangishana ili nayo inunue mashine, na atakayekwenda kuwafundisha ni yule muuza samaki. Nawe msomaji, timu yako itakapokutana Jumapili, uliza mapema ni nani kati yenu anajua kukandamiza kifua. Kama hayupo, anza wewe.