Siku ya Leso Mbili Kule Ggaba

Mimi sikusoma sana. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo atakayekuta makosa humu ayanyooshe mwenyewe. Lakini kusahau sijui. Ukiniuliza kwa nini watoto wangu walifika umri wa shule bila kutembezwa ziwani hata mara moja, na sisi tunakaa Namuwongo, ziwa liko pale tu, nitakutajia wenye makosa mmoja mmoja bila kukuna kichwa.

Wa kwanza ni mwenye boti. Wa pili ni mjomba wangu. Wa tatu ni ndizi.

Nilikuwa msichana, mjomba ananipeleka harusini kwenye visiwa. Boti imeshajaa watu. Mjomba alikuwa mfanyabiashara, na mikungu yake ya ndizi ilikuwa bado iko nchi kavu. Akaitazama boti, akazitazama ndizi, akasema, "Nafasi bado ipo." Mwenye boti angekataa vipi, wakati kila mkungu ulikuwa na nauli yake? Jaketi za kuokolea watu zilikuwepo? Ilikuwepo moja, ameivaa mwenye boti mwenyewe.

Katikati ya maji boti ikalala ubavu kama ng'ombe aliyechoka. Mimi nilitoka. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu, aliyekuwa amenikatia nusu ya muhindi wake wa kuchoma, hakutoka. Tangu siku hiyo hata beseni la kufulia nalitazama mara mbili kabla sijaingiza mkono.

Nilitoka vipi? Hiyo sehemu nilikuwa siisimulii. Nilikuwa nasimulia ndizi.

Basi matembezi yetu sisi yakawa ya nchi kavu. Niliwapeleka watoto kupanda ngazi za umeme kwenye duka kubwa mjini, tukapanda na kushuka mpaka askari wa mlangoni akatuuliza tunatafuta nini. Niliwapeleka makumbusho. Likizo moja nilipoishiwa akili niliwapeleka Bugolobi kutazama maghorofa. Tulisimama chini, tukatazama nguo za watu zilizoanikwa juu, tukala chapati, tukarudi. Mimi niliona ni safari nzuri sana.

Binti yangu mkubwa, wakati ule ana miaka kumi na moja, akarudi shule muhula ulipofunguliwa. Mwalimu akamsimamisha kila mtoto aseme alikwenda wapi likizo. Mmoja Jinja, mmoja Entebbe kuona simba. Wangu akasema, "Bugolobi, kuona nguo." Darasa lilicheka mpaka kengele ikalia, na kwa muda mrefu wakawa wanamwita Mama Kufua.

"Mama," aliniambia, "likizo hii nataka ziwa. Si lazima niogelee. Niingie tu hata magotini. Ukikataa, mimi nitabaki nyumbani, na mwalimu akiniuliza nitasema sina mama, nina bibi wa jangwani."

Mdogo wake wa kiume alicheka akaangusha uji. Baba yao pia alicheka. Baba yao ni polisi, mtu wa kaskazini, Mkristo, lakini Idi anaisherehekea kuliko sheikh. Mimi namwita Afande hata jikoni.

"Mama watoto," akasema, "hii mtoto iko sawa. Idi pili tunaenda Ggaba, ziwani. Mimi nitalinda."

"Utalinda nini, Afande? Wewe mwenyewe kuogelea hujui."

"Nitalinda chakula."

Idi pili ikafika. Nimeamka alfajiri, nimepika pilau, nimekaanga kuku, nimekanda chapati. Na chini ya sufuria, watoto wasione, nimeweka leso zangu mbili ngumu, zile za kufungia mzigo. Afande aliazima gari la rafiki yake. Tumeshapanga kila kitu, sufuria iko mapajani kwangu, mara dirishani naona kofia. Mjomba. Amezeeka sasa, meno yamepungua, lakini pua yake bado inasikia kuku kutoka mtaa wa pili.

"Idi njema, wanangu. Mnakwenda wapi?"

"Mjomba, gari limejaa."

Akachungulia ndani, akatazama sufuria, akatazama kiti cha nyuma. "Nafasi bado ipo," akasema, akafungua mlango.

Watoto wangu wawili waliumwa mbavu kwa kucheka. Hadithi ya boti wanaijua kama dua ya chakula. Nimeisimulia harusini, nimeisimulia matangani, nimeisimulia mjomba mwenyewe akiwa amekaa mbele yangu na kikombe cha chai. Yeye huwa anapuliza chai tu.

Pale Kansanga gari likataka kupunguza mwendo lenyewe karibu na baa moja. Nikamwambia Afande kwamba siku hiyo gari limefunga, halinywi. Akasema ni breki zilikuwa zinajaribiwa. Tukafika.

Bichi ilikuwa imejaa watoto wa Idi, magauni ya kumeta, muziki, moshi wa nyama. Na maji yale pale, yamekaa kimya kama mtu asiyekumbuka alichokufanyia. Binti yangu hakula. Alivua viatu, akakunja gauni, akanitazama.

"Ngoja," nikasema.

Nikatoa leso zangu. Nikazifunga pamoja, fundo la mzigo, lile ambalo hata wachukuzi wa sokoni hawalifungui bila meno. Upande mmoja nikamzungushia kiunoni. Upande wa pili nikauzungusha mkononi mwangu mara mbili. "Sasa nenda."

Alikwenda. Hatua chache tu, maji yakafika kwenye vifundo vya miguu, leso ikakazika. Akavuta, nami nikavuta. Wasichana wawili wa rika lake, waliokuwa wanarushiana maji, wakasimama.

"Banange, jamani! Yule mama analisha nini?"

"Mbuzi wa Idi! Amesalimika jana, leo ameletwa kunywa maji!"

Watu wakageuka. Afande akaja na mfupa mkononi. "Mama watoto, hata selo yetu hatufungi mtu hivi. Huyu atatoroka wapi? Tanzania?"

Ningecheka, kama si uso wa binti yangu. Alikuwa amesimama majini, machozi yako karibu. Akarudi kwangu taratibu, leso inalegea kila anavyokaribia.

"Afadhali ungeniacha Bugolobi," akasema. "Kule angalau sikufungwa. Kwa nini, Mama? Niambie kwa nini leso, halafu turudi nyumbani, sitakuomba tena."

 Mtoto akisema hatakuomba tena, ujue amekwisha kukuhamisha moyoni mwake kidogo.

"Kwa sababu leso ndiyo iliyonitoa," nikasema. "Siku ile. Nilikuwa nimejifunga leso kiunoni. Ndiyo iliyonivuta."

"Leso haina mikono."

"Kuna mtu aliishika."

"Nani?"

Nikatazama upande. Sikupenda kutazama huko lakini shingo ilikwenda yenyewe. "Huyo hapo anayemaliza kuku wetu."

Mjomba aliacha kutafuna. Binti yangu akamtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama yeye tena. "Babu? Si wewe ndiye mwenye ndizi?"

"Ndiye mimi," mjomba akasema. "Maji yalikuwa machafu, sioni kitu. Nilidhani nimeshika mkungu."

Afande alipaliwa. Mdogo wa kiume akaanguka mchangani. Hata mimi nilicheka, na nilijichukia kwa kucheka, maana nilikuwa nimejiahidi kwamba juu ya jambo hilo sitacheka maishani. Nikamwambia, "Usijivunie, Mjomba. Umenitia majini, umenitoa majini. Hapo tuko sifuri. Bado yule mama wa muhindi."

Akafuta vidole vyake kwenye chapati. 

"Huyo nilimshika kwa mkono wa pili," akasema. "Kitambaa chake kilikuwa chepesi. Kikachanika."

Muziki wa bichi ulikuwa unapiga makelele, lakini mimi nilisikia vizuri. Miaka yote hiyo.

"Hujawahi kuniambia."

"Hujawahi kuniuliza. Wewe ulikuwa unataja wenye makosa tu."

Nikamsogezea paja la kuku lililobaki, jambo ambalo Afande analikumbuka mpaka leo na kulisimulia kazini. Lakini msidhani nimemfuta mjomba kwenye orodha yangu. Zile ndizi alizipakia yeye. Mwenye boti naye, popote alipo na jaketi lake, bado yuko wa kwanza.

Mjomba akasimama, magoti yakalia kama mlango wa zamani. Akakunja suruali yake ya Idi mpaka juu, miguu myembamba kama ya korongo, akampa binti yangu mkono. "Mama yako afungue," akasema, "au anifunge na mimi. Lakini fundo hilo nalijua, ni la kwangu, mimi ndiye niliyemfundisha."

Binti yangu akanisogelea. Alisimama mbele yangu, tumbo ameliingiza ndani ili nipate nafasi ya kufungua.

 Nilitumia meno. Fundo likalegea, leso zikaanguka mchangani, naye akaingia ameshikwa mkono na yule mzee. Vifundoni. Chini ya goti. Magotini. Hapo akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya mtoto mdogo kabisa, na wale wasichana wa mbuzi wakamrushia maji naye akawarudishia.

Mimi nilisimama pembeni, nimezishika leso zangu kama mtu aliyefiwa na ng'ombe. Mjomba akageuka kutoka majini, meno yake machache yote nje, nyuma yake ziwa zima mpaka visiwani.

"Mwanangu!" akaniita mbele ya watu wote. "Njoo! Nafasi bado ipo!"

Nikamjibu neno ambalo siwezi kuliandika hapa, kwa heshima ya Idi. Halafu nikampa Afande leso azishike, nikavua viatu.