Mayowe ya Tangini

Kosa ni langu, nalisema kabla hamjanicheka. Nilikuwa narekodi sauti kwa ajili ya bendi moja ya Dar inayopiga hevi metali, ule muziki wa magitaa kunguruma na mwimbaji kupiga kelele kama anachinjwa. Walitaka vishindo vya kweli: mashine ya kusaga, mnyororo wa nanga, msumeno ukikata bati. Zaidi ya yote walitaka mayowe ya mtu aliyefungiwa ndani ya chuma.

Nyuma ya nyumba yetu, mtaani Mtanda, kuna tangi kuukuu la chuma lenye kimlango ubavuni. Siku ya kwanza nilipopiga yowe humo, jirani yetu mvuvi alikuja mbio na panga, msuli umemlegea kiunoni. Kwetu yowe ni yowe; ukilisikia unaacha hata wali motoni. Akanikuta nacheka. "Huna adabu wewe!" akafoka. Basi nikapita nyumba kwa nyumba: jamani, mkisikia kelele tangini msije, niko kazini. Wiki nzima nikapiga mayowe, wakazoea.

Siku yenyewe niliingia saa nne asubuhi, nikavuta kimlango kwa nguvu ili milio ya bodaboda isiingie. Komeo la nje likadondoka, likajifunga. Nikasukuma kwa bega, wapi! Simu nayo haikushika mtandao mle ndani. Jua lilishachemsha chuma, kila nikiegemea naungua, na vumbi la kutu linanikaba koo.

Nikapiga yowe. "Nakufa! Nifungulieni!" Nikagonga kwa nyundo mpaka mkono ukaingia ganzi. Nikamsikia jirani akipita. "Leo umepania, bwana mdogo!" akasema, akaenda zake. Nilimtukana tusi nisiloweza kuliandika hapa. Kisha nikalia. Niliogopa, sifichi, niliogopa kufa huku mtaa mzima unanisikia.

Ndipo nikaadhini. Haukuwa wakati wa sala yoyote, na sauti ilishanikauka, lakini niliadhini kwa nguvu zote zilizobaki. Sijafika mwisho, nikasikia miguu inakuja mbio. Walikuja wamewaka. "Sasa anachezea mpaka adhana, mwanaharamu huyu!" Jirani akafungua kimlango amekunja ngumi tayari. Aliponiona, akasema, "Lahaula!" akanivuta nje kwa makwapa.

Mama alikuja na ndoo, akanimwagia maji kichwani. Muda wote alikuwa uani, hatua chache tu kutoka pale, anakuna nazi na shoga yake.

"Nilikusikia tangu mwanzo," alisema. "Mwenzangu akaniambia, hiki kilio ni cha kweli, twende. Nikamshika mkono. Nikamwambia, muache mwanangu, leo kapatia."