Mbunge Kwenye Geti la Kiwanda

Mbunge huyu hajui kuongea kwa sauti ya chini. Miaka yote aliyoongoza chama cha wafanyakazi alishindana na kelele za mitambo ya kufumia vitambaa, na hata sasa wakiwa mezani mkewe humkumbusha, "Baba watoto, tuko hapahapa." Hucheka, lakini vidole havitulii, hufungua kifungo cha kola, hukifunga, hukifungua tena. Bungeni hutoka nje kila mara, eti kunyoosha miguu, akapita kwenye korido kama mtu aliyesahau chungu jikoni.

Wafumaji walipogoma, alimwambia dereva ampeleke kiwandani mara moja. Meneja alikwisha kumtuma mlinzi amfungulie geti. Hakuingia. Aliteremka, akavua koti, akaketi chini ukutani katikati ya wagomaji, karibu na mama mmoja mfumaji ambaye zamani walikamatwa pamoja kwenye mgomo. Watu walikuwa wakibishana vikali kama warudi kazini au wasirudi. Walipomwona, wote kimya.

"Endeleeni, jamani. Nimekuja kusikiliza tu."

Yule mama, ambaye enzi zile za mgomo alikuwa akimkatiza maneno bila hata kumwangalia, alisogea kando kumpa nafasi zaidi.

"Tunakusubiri wewe, mheshimiwa," alisema kwa adabu. "Tuambie wamekutuma useme nini."

"Hakuna aliyenituma," akajibu, na hata masikioni mwake mwenyewe maneno hayo yalisikika kama hotuba.