Mwaka Ambao Tuzo Haikutolewa

Kwa miaka arobaini na saba Elbia Sarasúa alikuwa orkestra. Simaanishi mpigaji mmoja kati ya wengi. Namaanisha orkestra nzima, fidla, ngoma na matarumbeta yake, kwa vidole kumi. Kila Agosti, baridi ikiwa imeshika Montevideo barabara, vijana walikuja kugombea Tuzo ya Larrobla, tuzo ya mpigaji mmoja anayetangulia mbele ya orkestra. Na kwa kuwa hakuna orkestra iliyo tayari kukaa kutwa nzima ikisindikiza watoto thelathini wanaotetemeka, raundi za mwanzo zilipigwa kwa piano ya kusindikiza. Mshiriki mbele, Elbia nyuma. Mshiriki akimaliza anainama, makofi yanapigwa, na Elbia anakusanya karatasi zake na kutokea mlango wa pembeni. Msindikizaji hainami. Ndiyo desturi, na hakuna aliyewahi kuuliza ilitoka wapi.

Alikuwa mpweke, na sitalipamba neno hilo. Alikaa peke yake katika chumba kimoja na nusu mtaa wa Durazno, na piano, redio na kiti kimoja cha kulia chakula. Cha pili alikigawa zamani kwa sababu, alisema, kilikuwa kinamkodolea macho. Kazini hali haikuwa tofauti. Wakati wa mapumziko kibuyu cha chai chungu kilizunguka mkono kwa mkono kati ya wapigaji, kama kawaida yetu, na kilipomkaribia Elbia kilipata njia nyingine. Alibeba kibuyu chake mwenyewe, na chupa yake ya maji moto kwapani, akanywea kwenye ngazi. Hakulalamika. Aliona anastahili, kwa sababu aliamini watu wote wa ukumbi ule walikumbuka alichokifanya mwaka 1969.

Mwanzoni mwa 2019 Wáshington Techera, mkurugenzi wa tuzo, mtu wa skafu nyingi na maneno mengi zaidi, alimwita ofisini. Tuzo ilikuwa inatimiza miaka sitini na alitaka kijitabu cha historia yake, kurasa arobaini, na picha.

"Mwalimu, wewe ndiye kumbukumbu ya nyumba hii," akamwambia. "Sisi wengine ni wapita njia tu."

Elbia alikubali haraka kuliko ilivyokuwa heshima, hata Techera akashangaa. Hakujua kwamba mama huyu hakuwa anawaza kijitabu. Alikuwa anawaza bahasha.

Hiyo bahasha ina historia yake. Tuzo ilianzishwa mwaka 1959 na Bi Hortensia Larrobla, mjane wa tajiri wa sufu, ambaye mwanawe alipiga fidla chumbani tangu utotoni, akafa kwa mapafu kabla ya kupiga na orkestra hata siku moja. Ndiyo maana zawadi haikuwa fedha. Zawadi ilikuwa jioni moja, orkestra nzima nyuma yako na watu mia tisa mbele yako. Bi Hortensia alichukia majungu ya wanamuziki, na katika hilo nampa haki yake, kwa hiyo akaweka sharti: kumbukumbu za kikao cha waamuzi zitiwe kwenye bahasha, zipigwe lakiri, zisifunguliwe mpaka miaka hamsini ipite. Watakaoumia, alisema, wawe wamekwisha kuzeeka.

Elbia aliandika hayo yote kwa mwandiko wake wa kiualimu. Aliandika juu ya mpiga kinubi wa mwaka wa kwanza aliyekatikiwa na nyuzi mbili akaendelea kana kwamba hazikuwahi kuwepo. Aliandika juu ya mwaka 1965, washindi wawili walipogawana jioni moja na hawakusalimiana tena mpaka mmoja alipozikwa. Kazi ilikwenda vizuri mpaka alipofika 1969. Hapo aliandika, "Haikutolewa," akaweka kalamu chini. Bahasha ya mwaka ule ingefunguliwa tarehe mosi Agosti.

Mshiriki wa fainali ya 1969, mmoja tu aliyebaki, alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili kutoka Tacuarembó, nchi ya ng'ombe. Alikuwa Elbia.

Kule kwao kulikuwa na piano moja tu ya maana, kwenye klabu ya mji, na mwalimu wake, Bi Orfilia, alikuwa na mikono iliyopinda kwa baridi yabisi, hawezi kumsindikiza mtu. Elbia alijifunza konseto kubwa ya Kirusi peke yake. Sasa, konseto ni mazungumzo: kuna mahali piano inanyamaza na orkestra inasema peke yake, ukurasa mzima wakati mwingine. Ukifanya mazoezi bila orkestra, pale pana kimya. Wenzako wa mjini wana rafiki wa kuwajazia kimya hicho. Elbia hakuwa na mtu, na kimya kilimtisha, basi akajifunza sehemu ya orkestra pia, akawa anapiga zote mbili. Miaka miwili, kila siku, anajiuliza na kujijibu mwenyewe.

Fainali ikafika. Katikati ya sehemu ya kwanza orkestra ikapanda, tromboni zikanguruma nyuma yake, na mikono ya Elbia, ambayo ilipaswa kulala mapajani, haikulala. Ilipiga. Ilipiga sehemu ya orkestra pamoja na orkestra yenyewe, ukurasa mzima, kwa nguvu zake zote, kama ilivyozoea kule klabuni. Hakugundua mpaka kondakta alipogeuka kumtazama. Aliitoa kama aliyegusa sufuria ya moto. Alimaliza konseto bila kosa lingine, lakini masikio yake yalikuwa yanavuma kwa aibu.

Alisimama nyuma ya pazia kungoja matokeo. Mwenyekiti wa waamuzi akatokea jukwaani, akasema kwamba tuzo ya mwaka huo haitatolewa. Elbia hakungoja neno la pili, alichukua koti lake akatoka. Asubuhi alikuwa kwenye basi la Tacuarembó, na kwa mwezi mzima hakutaka kuona gazeti wala kusikia redio. Bi Orfilia alipouliza, alijibiwa kwamba wamemkataa, basi.

Mwaka 1972 mama yake alifariki, Elbia akahitaji kazi, na ukumbi ulikuwa unatafuta msindikizaji. Nani Uruguay nzima alijua sehemu za orkestra kwa moyo kama yeye? Walimchukua. Siku ya kwanza mtu mmoja wa tromboni, Rubén Bentancor, alimtazama toka juu hadi chini. "Kumbe unapajua hapa," akasema. Wenzake wakacheka. Elbia aliinamisha macho, na nadhani hakuyainua tena. Mara mbili katika miaka iliyofuata orkestra ilimwomba apige nao konseto, na mara mbili alikataa kwa barua ya mistari miwili, akiamini wanataka kumchezea shere. Hawakumwomba mara ya tatu.

Tarehe mosi Agosti mvua ilinyesha tangu alfajiri. Techera alivunja lakiri mbele ya Elbia kwa madaha, akatazama karatasi zilizomo, akaitwa kwenye simu, akamwachia. Ndani mlikuwa na ukurasa mmoja uliopigwa taipu na barua iliyofungwa, yenye muhuri wa posta. Elbia alivaa miwani. Alitafuta kosa lake. Alisoma mstari kwa mstari, kidole chini ya kila neno, akalitafuta, na halikuwepo.

Waamuzi watano waliandika kwamba mshiriki alikuwa mpigaji bora kuliko wote waliowahi kufika fainali. Waliandika kwamba bado hajajua kukaa na wenzake, anawapigia, hapigi nao, na hilo ni jambo la kujifunza kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo tuzo ya mwaka huu isitolewe, na mshiriki awekewe nafasi yake mwakani, aingie fainali moja kwa moja, na orkestra, bila raundi za mwanzo. Mwenyekiti atalitangaza jukwaani, na katibu amwandikie.

Barua ilikuwa ya katibu. Ilipelekwa kwenye nyumba ya wageni ambayo Elbia, kwa kiherehere cha kujiona tayari mtu wa mjini, alikuwa ameiandika kwenye fomu kama anwani yake. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa penseli: Amehama. Ilikuwa imerudi, na katibu, mtu wa utaratibu, aliifungia humo pamoja na siri nyingine.

Elbia alikaa pale mpaka chai ya Techera ilipopoa mezani. Kisha akachukua mwavuli, akapanda basi kwenda La Unión, mtaa ambao hakuwa na sababu ya kwenda tangu azaliwe. Rubén Bentancor aliishi huko kwa binti yake. Alikuwa na miaka themanini na minne na pumzi fupi, na kati ya watu wa orkestra waliokuwa jukwaani mwaka 1969 ni yeye tu aliyebaki hai. Binti yake alikuwa anakaanga mikate, kama kila nyumba siku ya mvua, na alimkaribisha mgeni kwa mshangao.

"Sarasúa," mzee akasema. Hakuwahi kumwita vingine. "Nani amekufa?"

Elbia hakuwa na namna ya kuzunguka. Alimwuliza kama wale wa nyuma walisikia alichokifanya kwenye ukurasa ule.

"Ukurasa gani?"

Akamweleza. Ilimchukua muda, kwa kuwa hajawahi kumweleza mtu. Mzee alisikiliza akiwa ameshika mkono wa kiti.

"Hatukusikia kitu," akasema mwishowe. "Wewe unajua tromboni tatu zikipuliza pamoja? Ungeangusha kabati la vyombo pale tusingejua."

"Kondakta alinitazama, Bwana Bentancor."

"Alikutazama kuona kama umetugundua sisi. Nilichelewa kuingia. Mimi. Alinitukana wiki nzima kwa ajili hiyo."

Binti alileta mikate na sukari, akaona nyuso zao, akarudi jikoni. Elbia akauliza la pili, lile lililomleta. Je, mwenyekiti alitangaza kweli? Mzee akasema alitangaza, tena ukumbi mzima ulipiga makofi, watu walisimama, wakamngoja atokee ainame. Walidhani ana haya.

"Na mwaka uliofuata?"

Hapo mzee alimtazama kwa namna ambayo Elbia aliijua vizuri, maana ndiyo aliyotazamwa miaka arobaini na saba.

"Mwaka uliofuata tulikaa," akasema. "Piano imefunguliwa, kiti kimewekwa, sisi wote tumevaa nyeusi. Robo saa, mwanamke wewe. Mia tisa kwenye viti na sisi sabini jukwaani. Kondakta hakutaka mtu afunge kifuniko cha piano. Alisema atakuja, basi lake limechelewa. Baadaye wakamleta kijana mwingine, wa fidla, tuzo akapewa yeye. Halafu unatokea miaka miwili baadaye, unatupita mlangoni bila salamu. Tunakuomba upige nasi, unatuandikia mistari miwili. Tulisema, sawa, huyu hatuhitaji."

"Sikujua."

"Sasa naona hukujua."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ulitazama chini daima. Mtu anayetazama chini utamwambia saa ngapi?" Alikohoa, akasubiri pumzi irudi. "Na sisi tulikuwa na kiburi. Tuseme yote."

Hapo Elbia akalia. Alilia kwa sauti, mkate mkononi, kama mtoto aliyepotezwa sokoni, na mzee hakujua la kufanya na mikono yake. Hakumlilia aliyekuwa msichana kwenye basi la Tacuarembó. Huyo alikuwa amemlilia siku nyingi. Aliwalilia wale sabini waliokaa na nguo zao nyeusi, wakitazama mlango. Alikuwa amehesabu maisha yake yote kama ya mtu asiyengojwa na yeyote.

Alimaliza kijitabu kwa siku nne. Techera alikisoma kwa furaha, akampigia simu kumsifu, na baada ya sifa zote akafika kwenye neno alilotaka kulisema. Kurasa zimezidi mbili, mwalimu, itabidi tupunguze hapa na pale. Kwa mfano huu mwaka 1970: mshindi, sawa, fidla, sawa, halafu sentensi hii.

"'Kabla ya hapo orkestra ilisubiri robo saa,'" akamsomea. "Ilikuwa inamsubiri nani?"

"Mimi," Elbia akasema.

 Techera akaanza kusema kwamba ni jambo zuri, ni jambo la kugusa, ila wasomaji hawatalielewa bila maelezo, na nafasi ndiyo hivyo tena. Elbia akamwambia afute lolote jingine analotaka, amfute hata Bi Hortensia, ila robo saa ile aiache.